Masafa Marefu na Marudio ya Chini: Istilahi za Antena za Kupokelea

Miongoni mwa maandiko tuliyoletewa ili tuyakague istilahi, ulikuwamo mwongozo wa kutengeneza antena za kupokelea kwa ajili ya redio ya ridhaa, yaani ile iendeshwayo na watu kwa kujifunza na kujiburudisha, pasipo malipo. Mfasiri alikuwa hodari wa lugha, lakini alimpoteza msomaji mahali pawili. Palipotajwa marudio ya chini aliandika "masafa mafupi", na palipotajwa antena ya Beverage aliandika "antena ya kinywaji". Kosa la pili huchekesha. La kwanza humharibia mtu waya na siku zake.

Tuanze na la kwanza. Wasikilizaji wa redio wamezoea tangu zamani kusikia "masafa mafupi" na "masafa ya kati". Hapo masafa ni urefu wa wimbi, kutoka kilele kimoja hadi kinachofuata. Siku hizi neno hilo hilo hutumika pia kwa hesabu ya mawimbi yanayopita katika sekunde moja, kama isemwapo "masafa ya megahezi 90". Vipimo hivi viwili huenda kinyume: kimoja kikipungua, cha pili huongezeka. Kwa hiyo tunapendekeza hesabu hiyo iitwe marudio, na masafa yaachiwe urefu wa wimbi. Marudio ya chini ndiyo masafa marefu.

Mfano utatusaidia. Mwaka 2007, mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliofanyika Geneva uliwatengea watu wa redio ya ridhaa marudio ya kilohezi 135.7 hadi 137.8. Wimbi la hapo lina urefu wa mita 2,200 hivi. Robo ya wimbi, ambayo ni kipimo cha kawaida cha mlingoti wa antena, ni karibu mita 550. Nani awezaye kuusimamisha uani kwake?

Kwa bahati njema, mpokeaji hana haja nao. Antena ya kurushia hudaiwa nguvu, kwa kuwa nishati inayopotea ndani yake haimfikii msikilizaji. Lakini katika marudio haya, makelele ya radi za mbali na ya vyombo vya umeme huyazidi sana makelele ya kipokezi chenyewe. Antena kubwa ikizidisha ishara, huzidisha na makelele pamoja nayo. Linalotakiwa ni uwiano mzuri wa ishara na makelele, na uwiano huo waweza kupatikana kwa kifaa kidogo. Hapana budi basi mfasiri aandike kila mara "antena ya kupokelea" au "antena ya kurushia". Neno "antena" pekee halitoshi.

Kifaa kidogo kifaacho sana ni antena ya kitanzi. Hutengenezwa kwa fremu ya mbao ya mraba, mita moja kila upande, iliyozungushiwa waya mara 20, kila mzunguko ukiachana na mwenziwe milimita 5. Ikiunganishwa na kapasita ya pikofaradi 1,400 hivi, itaafikiana na kilohezi 137. Kitanzi husikia vyema pande mbili zilizo sambamba na ubapa wake, na hakisikii kitu kwenye pande mbili zinazouelekea uso wake. Pande hizo tunapendekeza ziitwe pande kiziwi, kwa kuwa kazi ya antena hii ni kusikia. Mjenzi huzungusha fremu mpaka upande kiziwi uelekee chanzo cha makelele, kama vile taa au chaja ya jirani.

Aina ya pili ni antena ya ufito yenye kikuza-ishara. Hii huwekwa juu, mbali na nyumba, kwa sababu makelele ya nyaya za umeme hujaa karibu na kuta.

Aina ya tatu ni hiyo ya Beverage, waya mrefu unaotandazwa juu kidogo ya ardhi. Imepewa jina la Harold Beverage, mhandisi wa Marekani aliyepata hataza yake mwaka 1921. Jina la mtu halifasiriwi. Urefu wake hukaribia wimbi zima au zaidi, hivyo kwa kilohezi 137 huhitaji shamba la kilomita mbili.

Neno la mwisho ni la usalama. Mwongozo ule uliagiza kwamba radi ikikaribia waya wa nje "ukatwe". Msomaji mtiifu angechukua kisu. Iandikwe "uchomolewe kwenye kipokezi", na ifanywe hivyo kabla wingu halijafika.

Mfasiri na akijue kwanza kifaa kinafanya kazi gani, ndipo akitafutie jina. Wasomaji wenye istilahi bora kuliko hizi tunawaomba watuletee.