Bunju wa Mto Kongo katika mji wa shaba

Je, wajua kwamba bunju, yule samaki wa pwani anayevimba akikamatwa, ana ndugu wasioonja maji ya chumvi maisha yao yote? Kadhaa kati yao ni wenyeji wa bonde la Mto Kongo. Mkubwa wao ni Tetraodon mbu, aliyepewa jina hilo la kisayansi na George Albert Boulenger mwaka 1899. Hupita sentimita 60, na huishi mtoni na hata Ziwa Tanganyika. Tetraodon miurus ni mdogo zaidi, kama sentimita 15. Hujifukia mchangani akabakiza macho na mdomo, akingoja samaki apite juu yake. Yuko pia Tetraodon schoutedeni wa Pool Malebo, asiyezidi sentimita 10, mpole kuliko wenzake.

Mwili wa bunju ni wa ajabu. Hana magamba, hana mbavu, wala mapezi ya tumboni. Akitishwa hugugumia maji, tumbo likatanuka hadi awe duara lisilomezeka. Macho yake huzunguka kila moja kivyake. Lakini kinachoamua maisha yake ndani ya nyumba ya mtu ni meno. Ni manne, yameungana kuwa mdomo mgumu kama wa kasuku, na hayaachi kukua. Mtoni husuguliwa na magamba ya konokono, kome na kaa. Mfugaji akimlisha nyama laini tu, meno hurefuka mpaka kinywa kishindwe kushika chakula, naye hufa njaa chakula kikiwa mbele yake.

Kwa hiyo anayetaka kufuga bunju Lubumbashi aanze na konokono, na hapo pana hatari. Baadhi ya konokono wa mabwawa na vijito vya Katanga hubeba kichocho. Usiingize mikono mitupu katika maji hayo. Njia salama ni kuwazalisha mwenyewe: vaa glavu, chukua mayai yaliyogandamana kwenye majani, uyaangulie katika beseni la maji safi. Konokono hazaliwi na kichocho. Huambukizwa majini, kutokana na choo au mkojo wa mtu mgonjwa, hivyo waliozaliwa katika beseni lako hawana njia ya kuupata.

Kisha maji yenyewe. Lubumbashi ni mji wa shaba, na shaba ni adui mkubwa wa samaki. Huingia kwenye matamvua na kuzuia mwili kufyonza chumvi ya sodiamu kutoka majini. Samaki hupungukiwa chumvi mwilini hadi moyo ushindwe. Maji yenye kalsiamu nyingi hupunguza sumu hiyo, maji laini huiacha na ukali wake wote. Bunju, asiye na magamba, huvumilia kidogo sana, kwa hiyo hata dawa za samaki zenye shaba asipewe. Mwaka 2009 Célestin Banza na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kobalti nyingi katika mikojo ya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Ikiwa metali za migodini huwafikia watu kiasi hicho, maji ya kijito kinachopita karibu na kiwanda hayafai kumwagwa katika tangi la kioo. Ya kisima nayo yapimwe kwanza.

Baridi nayo si ya kupuuza. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10, ilhali bunju wa Kongo hutaka maji ya nyuzi 24 hadi 27. Hita ni lazima. Umeme ukikatika, funika tangi kwa blanketi, washa pampu ya hewa ya betri, na usimlishe: bakteria wa kwenye chujio wanaovunja amonia hufa wakikosa oksijeni, na bunju ni mlaji mchafu, anayetawanya mabaki kila mahali.

Ushauri wangu ni schoutedeni, ukimpata. Miurus afugwe peke yake, maana mwenzake atakuwa chakula. Huyo mbu mkubwa ndiye anayeniuma moyo, kwa sababu huuzwa akiwa mdogo kama kidole, mnunuzi akavutiwa na macho yake, bila kuambiwa kwamba atahitaji tangi la lita 2,000. Asiye na nafasi hiyo asimnunue. Na aliyekwisha kumnunua asimtupe katika mto Lubumbashi: maji yake huingia Kafubu, kisha Luapula, hadi Ziwa Mweru, na vimelea vya tangini huweza kufika huko pamoja naye.