Sera ya Jamii na Uchumi: Faida ya Kuyasoma Pamoja

Katika Chuo Kikuu cha Edinburgh nchini Uskoti, mwanafunzi anaweza kusoma sera ya jamii na uchumi ndani ya shahada moja ya miaka minne. Sera ya jamii ni taaluma inayochunguza jinsi serikali, familia, mashirika ya dini na soko yanavyogawana jukumu la kuwapatia watu elimu, matibabu, makazi na kipato cha uzeeni, ilhali uchumi huchunguza jinsi watu na taasisi wanavyoamua kutumia rasilimali zisizotosheleza mahitaji yote. Masomo haya mawili yanapotenganishwa, kila moja huzalisha mtaalamu anayeliona tatizo kwa upande mmoja tu, na hasara ya upande usioonekana huwaangukia kwanza wananchi wa kipato cha chini.

Ukaribu wa taaluma hizi una historia ndefu. London School of Economics, chuo kilichoanzishwa mwaka 1895, kilifungua idara ya mafunzo ya huduma za jamii mwaka 1912, na kuanzia mwaka 1919 hadi 1937 kiliongozwa na William Beveridge, mchumi ambaye ripoti yake ya Desemba 1942 iliitaka Uingereza ipambane na maadui watano, yaani ufukara, maradhi, ujinga, makazi duni na ukosefu wa kazi. Msomaji wa Tanzania atawatambua watatu kati yao, kwa kuwa umaskini, ujinga na maradhi ndio maadui waliotangaziwa vita baada ya uhuru. Beveridge alipendekeza bima ya taifa, ambayo kila mfanyakazi angeichangia akiwa kazini na kulipwa anapougua, anapokosa ajira au anapozeeka. Pendekezo hilo lilihitaji hesabu za mchumi kuhusu viwango vya michango, na pia ufahamu wa maisha ya mjane, mgonjwa na mtoto asiye na mtunzaji.

Mwaka 1950 chuo hicho cha London kilimteua Richard Titmuss, mtu asiye na shahada yoyote, kuwa profesa wake wa kwanza wa sera ya jamii. Kazi yake ilifika Afrika Mashariki, kwani mwaka 1964 yeye na wenzake walitoa ripoti kuhusu huduma za afya za Tanganyika, iliyotilia mkazo kinga na vituo vya afya vya vijijini. Julius Nyerere naye, aliyesoma Edinburgh kati ya mwaka 1949 na 1952, alichanganya uchumi wa siasa, anthropolojia ya jamii, historia ya uchumi na falsafa ya maadili, na baadaye alieleza kwamba msimamo wake wa kisiasa ulijengeka katika miaka hiyo.

Mwanafunzi wa masomo haya pacha hukutana kwanza na nadharia za bei, ajira, kodi na mfumuko wa bei, kisha takwimu na ekonometriki, yaani mbinu za kutumia takwimu kupima iwapo jambo moja ndilo kweli linalosababisha jingine. Kwa upande wa sera ya jamii, husoma historia ya huduma za umma, vipimo vya umaskini, mifumo ya pensheni na bima ya afya, pamoja na swali la haki, ambalo huuliza nani anastahili kupewa nini, kwa gharama ya nani, na nani mwenye mamlaka ya kuamua.

Thamani ya mchanganyiko huo huonekana vizuri katika suala la vyandarua vyenye dawa. Kwa miaka mingi wataalamu walibishana iwapo wajawazito wapewe vyandarua bure au wauziwe kwa bei ya ruzuku, yaani bei iliyopunguzwa kwa fedha za serikali au wafadhili. Waliotetea malipo walidai kwamba kitu cha bure hakithaminiwi, na kwamba bei ndogo ingewachuja wasiokusudia kukitumia. Wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas waliipima hoja hiyo katika kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya, ambako bei ilipangwa kwa bahati nasibu, kliniki nyingine zikitoa chandarua bure na nyingine zikikiuza kwa bei isiyozidi shilingi 40 za Kenya. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalionyesha kwamba bei ilipopanda kutoka sifuri hadi shilingi 40, sehemu ya wajawazito waliochukua chandarua ilishuka kwa pointi 60 za asilimia, na waliopewa bure hawakuonekana kukitumia kidogo kuliko walionunua.

Mchumi huongeza hoja ya manufaa ya nje, yaani faida inayomfikia mtu asiyehusika na ununuzi, kwa sababu dawa ya chandarua huua mbu na hivyo kumkinga hata jirani. Mtaalamu wa sera ya jamii huuliza njia gani itamfikia aliye mbali zaidi. Tanzania ilianza na Hati Punguzo, ambayo mjamzito alipewa kliniki na kuipeleka dukani ili anunue chandarua kwa bei nafuu, lakini hati hiyo ilimhitaji awe na fedha ya kuongezea na duka lenye bidhaa karibu naye. Baadaye nchi iliongeza kampeni za kugawa vyandarua bure kwa kaya.

Fundisho hilo, kwamba hata bei ndogo inaweza kumzuia mhitaji, linahusu pia uchangiaji wa gharama, yaani mgonjwa kulipia sehemu ya matibabu yake, ulioingizwa katika hospitali za umma za Tanzania mwaka 1993 pamoja na msamaha kwa wasio na uwezo. Kwenye karatasi mpango huo unakamilika, kwa kuwa mwenye nacho hulipa na asiye nacho husamehewa, lakini mgonjwa anayetakiwa kufuata barua ya mtendaji wa kijiji na kumwona ofisa ustawi wa jamii ili athibitishwe kuwa maskini hubeba gharama ya nauli, muda na fedheha, ambayo haimo katika hesabu za mapato ya hospitali. Kwa upande mwingine, anayedai huduma bure bila kutaja kodi itakayoigharamia huahidi zahanati isiyo na dawa.

Kijana wa kidato cha sita anayeifikiria njia hii ajue kwamba hisabati haikwepeki, na kwamba mwanafunzi wa EGM (uchumi, jiografia na hisabati) atalazimika kujifunza kuandika hoja ndefu, kama vile yule wa HGE (historia, jiografia na uchumi) atakavyolazimika kuimarisha hesabu zake. Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, ambako uchumi na sosholojia aghalabu hukaa katika idara tofauti, viwape wanafunzi wao nafasi ya kuyasoma yote mawili hadi mwaka wa mwisho na kuandika tasnifu inayosimamiwa na walimu wa pande zote mbili. Nchi zinazopanga bima ya afya kwa wote na ruzuku kwa kaya maskini zinawahitaji wataalamu wanaoweza kukokotoa gharama ya mpango na kumtaja kwa usahihi mtu ambaye mpango huo utamwacha nje.