Je, Wajua? Idi ya Mwanaidi huhama

Ukisikia binti akiitwa Mwanaidi pale Bungu, wilayani Kibiti, jina limekwisha kukutajia siku. Kwa desturi ya pwani, Mwanaidi huzaliwa Idi, Mwajuma Ijumaa, Mwanahamisi Alhamisi. Chausiku hufika usiku, Mwanamvua mvua ikinyesha. Tabu na Shida hubeba hali ya nyumbani wakati ule, nami nayaheshimu sana majina hayo kwa ukweli wake.

Lakini Mwanaidi ana jambo la pekee. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, hivyo Idi hutangulia kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Aliyezaliwa Idi ya masika ataiona ikihamia kiangazi, na itachukua miaka kama 33 kurudi msimu uleule.