Ua la Mbololo Limetutoka Akilini

Hapa Voi ninakofundisha, swali moja hunirudia kila mwaka. Mwanafunzi huona kitabuni picha ya tulipu, lile ua la Uholanzi lenye umbo la kikombe, kisha huuliza: "Mwalimu, mbona kwetu halioti?"

Jibu si gumu. Tunguu la tulipu, ambalo ni mfano wa kitunguu, huhitaji majuma 12 au zaidi ya baridi kali ndipo lichanue vyema. Voi, mji wa joto na ukame kando ya mbuga za Tsavo, hauna baridi hiyo. Mwagilia utakavyo, huenda ukaambulia majani matupu.

Linalonikera si swali hilo, bali lile lisiloulizwa. Sijapata kuulizwa juu ya ua la Mbololo. Katika msitu wa mlima huo, ambao hauko mbali nasi, humea penye miamba na kivuli ua dogo la rangi ya urujuani. Kiasili halipatikani kwingineko duniani. Mtaalamu B. L. Burtt alilieleza kisayansi mwaka 1958, akalipa jina Saintpaulia teitensis, yaani la Taita. Mwaka 2015 wataalamu waliihamishia jamii yake yote katika kundi la Streptocarpus.

Jamii hiyo imesafiri mbali. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyapeleka kwao maua ya aina nyingine ya ukoo huo. Mwaka uliofuata Hermann Wendland aliyapa jina la afisa huyo. Leo vizazi vyake hupamba madirisha ya Ulaya na Marekani, ilhali mtoto wa Taita hajui kwamba ndugu ya ua hilo ni jirani yake.

Je, tupande mlimani tukaling'oe? La hasha! Msitu wa Mbololo ni mdogo, na ua lenye makao mamoja likitoweka hapo, limetoweka mwituni kote. Anayetaka kulifundisha na atafute aina za bustani zinazouzwa na wakuza miche. Hizo huoteshwa kwa jani moja tu: chomeka kikonyo chake katika udongo mwepesi wenye unyevu, weka mahali penye mwanga usio wa jua kali, na baada ya majuma kadhaa vichipukizi vitatokeza. Usiyamwagie majani maji baridi, kwani yatafanya mabaka. Somo hilo halihitaji maabara. Kopo na subira vyatosha.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Walimu wenzangu, tulipu na ibaki kitabuni, nasi tuwafundishe watoto ua la mlima wao. Msitu ule utalindwa na nani kesho, ikiwa leo hatuwaambii kilichomo?