Munganga aliyejifunza kushona mishipa ya damu kwa fundi wa kudarizi

Huku kwetu mashariki, swali hili linasikika mara nyingi ku hospitali: risasi ilipita tu nyuma ya goti, kidonda ni kidogo, sasa mbona wanganga wamekata mguu muzima?

Jibu liko ndani ya mshipa. Ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, ikikatika, nyama ya chini inakosa damu na inaanza kufa. Inabidi ishonwe. Ufundi huo ulipata njia yake kwa Mfaransa mmoja, Alexis Carrel, aliyezaliwa karibu na Lyon mwaka 1873.

Mwezi wa sita 1894, Rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, alipigwa kisu mjini Lyon. Kisu kilikata mshipa mkubwa unaoingia ndani ya maini. Wapasuaji walikuwa pale, lakini hakuna aliyejua kushona mshipa wa namna ile. Rais akafa usiku uleule. Carrel alikuwa mwanafunzi wa udaktari, hajatimiza hata miaka 21, na inasemekana kifo kile ndicho kilimtia wazo.

Ugumu ulikuwa wapi? Mshipa si nguo. Sindano nene inauchubua ndani, damu inaganda pale palipochubuka, na njia inaziba. Tena mdomo wake ni wa duara na unateleza. Carrel akaenda kwa mama mmoja fundi wa kudarizi, wale wanaotia maua kwenye kitambaa kwa uzi. Lyon ulikuwa muji wa hariri na mafundi hao hawakukosekana. Huko akajifunza kutumia sindano nyembamba kabisa na uzi wa hariri, ambao baadaye alikuwa anaupaka vazelini ili upite bila kuchana.

Kisha akapata kitu ambacho, ukikiona, unajiuliza mbona hakuna aliyekifikiri mbele. Unaunganisha midomo miwili ya mshipa kwa nyuzi tatu, kwa umbali sawa, halafu unavuta. Duara linageuka pembe tatu. Sasa unashona mistari mitatu iliyonyooka, upande kwa upande, kama mshonaji na pindo la nguo. Aliandika mbinu hiyo mwaka 1902.

Mtu angefikiri Lyon ingemshika kwa mikono miwili. Wapi! Alishindwa mitihani ya kuwa mpasuaji wa hospitali za muji. Tena mwaka huohuo alisindikiza wagonjwa waliokwenda kuhiji Lourdes, na ikajulikana kwamba aliona mgonjwa akipona kwa namna asiyoweza kueleza. Wenzake wakamtazama kwa jicho baya. Mwaka 1904 akavuka bahari kwenda Kanada, kisha Chicago, ambako yeye na Charles Guthrie walipandikiza figo na viungo vingine kwa mbwa. Mwaka 1906 akapata kazi ya utafiti New York, katika taasisi ya Rockefeller.

Kule, mwaka 1908, mpasuaji mwenzake alimwita nyumbani: mtoto wake wa siku chache alikuwa anavuja damu bila kukoma. Carrel akaunganisha mshipa wa mkono wa baba na mshipa wa mguu wa mtoto, damu ikapita moja kwa moja. Mtoto akapona. Zawadi ya Nobel ilifuata mwaka 1912.

Vita ya 1914 ikamrudisha Ufaransa. Pamoja na Mwingereza Henry Dakin, akaosha vidonda vya askari kwa maji yenye klorini iliyopimwa, ndugu ya yale tuliyonawia mikono wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020. (Lakini mtu asimwage javel ya nyumbani kwenye kidonda, inachoma.)

Mkono wake uliokoa watu, kalamu yake ilikwenda kwingine. Katika kitabu chake cha mwaka 1935, L'Homme, cet inconnu, kilichouzwa sana, aliandika kwamba wauaji, na wendawazimu waliofanya makosa makubwa, waondolewe kwa gesi. Katika chapa ya Kijerumani ya 1936 alisifu hatua za serikali ya Hitler. Ufaransa ilipokaliwa na Wajerumani, aliongoza taasisi iliyoundwa na serikali ya Vichy. Alikufa Paris mwezi wa kumi na moja 1944 bila kuhukumiwa. Mwaka 1996, kitivo cha udaktari cha Lyon kilichobeba jina lake kililifuta. Sisi tunaojua maneno ya kupanga watu kwa thamani yanazaa nini, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Na ule mguu? Mbinu ilijulikana tangu 1902, lakini katika Vita ya Pili ya Dunia bado ilitumika kidogo sana. Mwaka 1946 wapasuaji wa Kimarekani Michael DeBakey na Fiorindo Simeone walihesabu ateri 2,471 za askari zilizojeruhiwa: 81 tu ndizo zilijaribiwa kushonwa. Kwa walioumia ateri ya nyuma ya goti, zaidi ya 70 kwa 100 walikatwa mguu. Majeruhi walikuwa wanafika wamechelewa. Katika vita ya Korea, helikopta na hospitali za karibu zilifupisha njia, wapasuaji wakashona ateri kwa wingi, na waliokatwa kiungo wakashuka hadi karibu 13 kwa 100.

Wapasuaji wanahesabu masaa sita hivi kabla nyama ya mguu usio na damu haijaharibika. Kwa mtu anayeteremshwa mlimani ku kipoyi, na barabara imekatika, masaa hayo yanaisha njiani. Ndiyo maana hata kidonda kidogo hakingojwi asubuhi. Gandamiza pale panapotoka damu kwa kitambaa safi, usiachie. Mguu ukiwa baridi, umepauka, vidole havisikii, hiyo ni dharura. Na mukifika ku hospitali, mwambieni munganga saa ambayo risasi iliingia.