KUTOA TAARIFA ZA UDANGANYIFU KATIKA FAO LA KUKOSA AJIRA

Fao la kukosa ajira ni fedha anayolipwa kwa muda mtu aliyepoteza kazi pasi na kosa lake. Nchini Marekani msingi wake ni Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1935, na kila jimbo huliendesha kwa ofisi yake. Fao kama hilo liliingizwa katika sheria za Tanzania mwaka 2018, hivyo yaliyoipata Marekani wakati wa maradhi ya UVIKO-19 yafaa kuangaliwa na watumishi wa umma wa Visiwani.

Mwezi Machi 2020 Bunge la nchi hiyo liliwafungulia fao hilo hata waliojiajiri. Katika miezi ya mwanzo, mwombaji wa mpango huo mpya alitakiwa kuthibitisha kwa kauli yake tu. Wezi wakapata mlango. Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali ya nchi hiyo ilikisia mwaka 2023 kwamba baina ya dola bilioni 100 na bilioni 135 zilipotea kwa udanganyifu.

Sehemu ya fedha hizo iliombwa kwa majina ya watu wasiohusika. Mtu aliye kazini alipokea barua ya kumwarifu kuwa maombi yake yamekubaliwa. Mwingine alipokea hati ya kodi, Fomu 1099-G, ikionesha kipato ambacho hakikufika mkononi mwake. Mtu wa namna hii hamjui mwizi wala hana namba ya maombi. Lakini fomu ya taarifa ya kawaida humkusudia yule anayemfahamu mtu anayepokea fao huku akifanya kazi: huuliza jina la mtuhumiwa, anuani na mwajiri wake. Aliyeibiwa jina hukwama hapo, au huliandika jina lake mwenyewe mahali pa mtuhumiwa.

Kasoro hiyo haionekani ofisini. Huonekana kwa utafiti wa watumiaji, ambao si dodoso la kuwauliza watu kama wameridhika. Mtafiti huketi na mtu mmoja mmoja, humpa fomu, humtaka aseme kwa sauti anavyoifahamu kila sehemu, naye akanyamaza. Panapomsitisha msomaji pananukuliwa. (Kunyamaza huko ndiko kunakomshinda afisa aliyeitunga fomu.) Mara nyingi watu watano au sita hutosha kudhihirisha kizingiti kikubwa. Swali la kwanza laweza kubadilika na kuwa hili: je, jina lako limetumiwa na mtu mwingine, au unatoa habari za mtu unayemjua? Majibu hayo mawili yaende kwa maofisa tofauti, na mtoa taarifa aelezwe kitakachofuata na iwapo jina lake litahifadhiwa.

Aidha, ipo hatari ya upande wa pili. Katika jimbo la Michigan, baina ya mwaka 2013 na 2015, mfumo wa kompyuta uliwatia hatiani maelfu ya watu. Uhakiki wa maamuzi 22,427 yaliyotolewa na mashine peke yake ulionesha kuwa asilimia 93 hayakuwa na udanganyifu wowote. Faini ilifikia mara nne ya fedha iliyodaiwa, na mishahara ilikatwa. Mwaka 2022 jimbo lilikubali kulipa dola milioni 20 kumaliza shauri hilo. Kwa hiyo taarifa, itoke kwa mashine au kwa jirani, ni mwanzo wa uchunguzi tu, na fomu njema humtaka mtu atenge aliloliona kwa macho yake na alilolisikia.

Zanzibar haina budi kulizingatia hilo katika Pensheni Jamii, iliyoanza mwaka 2016 kwa wazee waliotimiza miaka 70. Familia iliyochelewa kuarifu kifo cha mzee wao huenda imedanganya. Huenda pia ilikuwa matangani na haikujua iende kwa sheha, kituo cha malipo au afisi ya wilaya. Fomu yenye nafasi ya neno “mtuhumiwa” pekee haiwezi kuzitenganisha familia hizo mbili.