Sauti ya bibi iliyo kwenye simu: Kuigeuza WAV hakurudishi kilichopotea

Simu za wazazi wengi zimejaa sauti ambazo hakuna aliyepanga kuzihifadhi. Bibi anamsalimu mjukuu, mtoto anahangaika kutamka jina la kaka yake, babu anacheka katikati ya hadithi. Siku babu akifariki, au simu ikianza kugoma, ndipo familia inaanza kuzitafuta. Na hapo hakosekani wa kushauri: zibadilishe ziwe WAV, zitasikika safi.

Ushauri huo una nusu ya ukweli. Simu inaporekodi hupima wimbi la sauti maelfu ya mara kwa sekunde. CD, kwa mfano, hutumia vipimo 44,100 kila sekunde. Faili la WAV, aina iliyoletwa na Microsoft na IBM mwaka 1991, kwa kawaida hutunza vipimo vyote bila kuvibana, ndiyo maana dakika moja yenye ubora wa CD hula takriban megabaiti 10. MP3 hutupa sehemu ambazo sikio lingezisikia kwa shida, na dakika hiyohiyo inaweza kushuka hadi megabaiti 1. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp nao hubanwa sana ili usimalize bando.

Kilichotupwa hakirudi. Ukimimina sembe kwenye gunia la dona, bado ni sembe, ila gunia limekuwa kubwa. Anayedai fedha ili "arudishe ubora" kwa kubadili aina ya faili tu anauza gunia.

Basi WAV ina kazi gani? Kazi yake ni kuzuia hasara isiongezeke. Kila MP3 inapokatwa, ikapunguzwa kelele na kuhifadhiwa tena kama MP3, hubanwa upya na kupoteza kingine. Kwa hiyo faili hugeuzwa WAV kwanza, marekebisho yakafanyika humo, kisha ikatolewa nakala ndogo ya kutumia ndugu. Audacity, programu ya bure ya kompyuta, inaweza kazi hiyo. Faili la awali lisifutwe wala kuguswa.

Kwa baadhi ya familia jambo hili ni zaidi ya kumbukumbu. Mhakiki wa filamu wa Marekani, Roger Ebert, alipoteza uwezo wa kusema mwaka 2006 kutokana na saratani na upasuaji wake. Kampuni ya CereProc ya Edinburgh, Scotland, ilimtengenezea sauti ya kompyuta inayofanana na yake, ikitumia maelezo aliyokuwa amerekodi kwa ajili ya DVD za filamu. Iliwezekana kwa sababu rekodi safi zilikuwapo. Katika Hospitali ya Watoto ya Boston, watoto wanaokwenda kufanyiwa upasuaji utakaowazuia kusema wamekuwa wakirekodi mapema maneno yao wenyewe, kisha wanabonyeza kifaa na sauti yao inatoka. Mgonjwa anayesubiri kuondolewa zoloto, au aliyegundulika na ugonjwa unaodhoofisha misuli ya kusema, anapaswa kuulizia suala hili kabla sauti haijaanza kubadilika. Baada ya hapo hubaki kutegemea rekodi za zamani, kama zipo.

Kurekodi vizuri si gharama. Chumba chenye kitanda, godoro na mapazia hupunguza mwangwi kuliko sebule tupu. Zima feni na televisheni, weka simu umbali wa shubiri moja hivi kutoka mdomoni, kisha mwache mzee aongee atakavyo. Programu nyingi za kurekodi kwenye Android zina sehemu ya kuchagua WAV. Kwenye iPhone, mipangilio ya Voice Memos ina chaguo la Lossless, ambalo halitupi kitu. Rekodi ikitumwa kwa WhatsApp, itumwe kama dokumenti.

Nafasi ndiyo kikwazo. Saa moja ya WAV, hata ikiwa ya chaneli moja, hufikia takriban megabaiti 318. Wenye simu ndogo wanaweza kuigeuza FLAC, ambayo mara nyingi hupunguza ukubwa hadi karibu nusu bila kutupa chochote, na kuweka nakala ya pili kwenye flashi inayokaa nyumba nyingine. Jina la faili nalo libadilishwe, liwe na jina la aliyesema na tarehe. Miaka 20 ijayo, faili linaloanza na "PTT" na mlolongo wa namba halitamwambia mjukuu kuwa aliyekuwa akiongea ni bibi yake.